Neno la Kazi katika Vitabu vya Hesabu ya Watu: Mfano wa Tunda, Maniema

Jamaa wanaotafuta habari za wazee wao katika karatasi za utawala wa Kibelgiji hukuta kwanza jina, kisha umri wa kukisia, kisha neno moja la Kifaransa lililowekwa mahali pa kazi. Neno hilo huonekana jepesi kuliko mengine yote, kumbe ndilo lipotoshalo zaidi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kulisoma, kwa kutazama hali ya Tunda na vijiji vyake, kusini mwa Kindu.

Huko lugha ya nyumbani ni Kitetela. Karani wa serikali, ambaye mara nyingi alikuwa mgeni, aliuliza kwa Kingwana, yaani Kiswahili kilichoenea Maniema pamoja na misafara ya biashara, na makao yake makuu yakiwa Kasongo hadi vita vya 1892–1894. Jibu alilopewa aliligeuza kuwa Kifaransa. Kwa hiyo neno moja limepita katika lugha tatu kabla ya kufika kwenye fishi, na mtafiti hana budi kuirudia njia hiyo kinyumenyume.

Mfano ulio bayana ni neno "chauffeur". Mjukuu alionapo hujivunia kwamba babu yake aliendesha motokaa. Katika karatasi za miaka ya 1910 fahari hiyo haina msingi mkubwa. Kwa asili neno hilo la Kifaransa lina maana ya mtu anayetia moto, naye dereva alirithi jina hilo baadaye. Reli ya kampuni ya CFL kutoka Kindu hadi Kongolo, yenye urefu wa kilomita 355 hivi na inayopita Kibombo, ilianza kutumika mwanzoni mwa 1911. Kutoka Kindu kuelekea Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, abiria na mizigo walipanda meli za mvuke mtoni. Injini hizo zilikula kuni. Basi "chauffeur" wa wakati ule huenda alikuwa mchochea moto wa garimoshi au wa meli, mwenye kushinda mbele ya tanuri, na jirani yake katika orodha, "coupeur de bois", ndiye aliyemkatia kuni. Katika karatasi ya miaka ya 1950 neno lile lile humtaja dereva wa lori. Mwaka wa karatasi na jina la mwajiri ndivyo huamua.

Neno "capita" lina hatari nyingine, kwa kuwa juu yake hujengwa madai ya uchifu na ya ardhi. Lilitoka katika Kireno, likaenea Kongo nzima, na likabeba angalau maana tatu: msimamizi wa kundi la vibarua, wakala wa mfanyabiashara anayenunua mazao vijijini, na mtu aliyewekwa kusimamia kijiji chini ya chifu. Aliye wa tatu huenda alikuwa wa ukoo wenye haki, au huenda alichaguliwa kwa sababu tu alijua kusema na wakubwa. Neno peke yake halithibitishi ukoo wowote. Chifu aliyetambuliwa kwa dikrii ya 2 Mei 1910 alitawazwa rasmi na kupewa medali. Anayedai urithi kwa sababu ya "capita" na atafute kwanza maandishi ya kutawazwa.

Maneno mengine hayana mzozo mkubwa namna hiyo. "Boy" ni mtumishi wa nyumbani, hata akiwa na miaka 40. "Moniteur" ni mwalimu wa shule, na huko Tunda, penye misheni ya Wamethodisti, maana hiyo ndiyo hujitokeza kwanza. Lakini "moniteur agricole" ni bwana shamba aliyesimamia mashamba ya pamba. Nalo jibu la Kiswahili "fundi" liligawanywa na karani kadiri ya mawazo yake: seremala, mwashi, mshonaji, mhunzi. Mzee aliyefanya kazi mbili alibakiwa na moja.

Wengi, hata hivyo, hawakuandikiwa kazi bali herufi tatu: HAV, yaani wanaume wazima wenye nguvu. Hapo karatasi inasema waziwazi ilichotaka kujua. Serikali ilihesabu kodi na mikono, wala haikujali mtu huyo alikuwa mtega samaki, mganga au mpiga ngoma. Hata neno "cultivateur" lisisomwe kama kazi ya hiari siku zote. Tangu 1917 sheria iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyoagizwa, pamba ikiwa mojawapo, kwa siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zilifikishwa 120.

Wanawake ndio waliopotea kabisa. Safu ya kazi mbele ya majina yao kwa kawaida ni tupu, ilhali mikono yao ilipalilia ile pamba iliyohesabiwa kwa mume na mpunga ulioliwa nyumbani. Hapo hakuna neno la kufasiri. Inabaki kumwendea bibi aliye hai na kumwuliza, kwa Kitetela kwanza, siku ya mama yake ilianza saa ngapi na kwa kazi gani.