Kikosi cha Silikanti

Hadithi hadithi! Najua mtaitikia "hadithi njoo", ila safari hii sina sungura wala fisi. Nina samaki mwenye maisha mawili.

Maisha yake ya kwanza yako hapa hapa kwetu, kwenye miteremko ya miamba chini ya bahari, kati ya Tanga na Pangani. Mchana hujibanza mapangoni kwenye kina kirefu, usiku hutoka kuwinda. Mapezi yake yana nyama na mfupa ndani, na anapoogelea huyapeleka kwa kupokezana, la kulia na la kushoto, utadhani anatembea. Wataalamu walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini ukoo wake ulikwisha pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa jumba la makumbusho la East London kule Afrika Kusini, akamwona mmoja kwenye rundo la samaki wa meli ya uvuvi. Sisi tunamwita silikanti. Tanzania aliingia kwenye kumbukumbu mwaka 2003, Songo Mnara, Kilwa. Tangu mwaka uliofuata wavuvi wa Tanga nao wakawa wanamkuta kwenye majarife yao, mmoja baada ya mwingine, hadi wakafika makumi. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayofuata pwani kuanzia Pangani hadi kaskazini ya jiji.

Maisha ya pili yako ndani ya mchezo. Novemba 2002, miezi kadhaa kabla ya yule wa Kilwa kunaswa, Wajapani walitoa Pokémon Ruby na Sapphire, na ndani yake mna kiumbe namba 369 aitwaye Relicanth. Mwili wa kahawia, magamba magumu, mapezi manene. Mchezo unasema hajabadilika kwa miaka milioni 100. Ni silikanti mtupu!

Na hapa niseme jambo linaloniudhi. Katika Pokémon GO, ule mchezo wa simu unaokutembeza mitaani kusaka viumbe, waliotengeneza walimweka Relicanth New Zealand na visiwa vya jirani. Mtoto wa Raskazone anaweza kutembea ufukweni hadi soli iishe asimwone, na huku silikanti mwenyewe yuko mita mia moja chini ya mitumbwi ya baba zake. Basi tusimsubiri huko. Tumjengee kikosi kwenye mchezo ule mkubwa wenye mashindano.

Kwa asiyeujua: kila mchezaji huja na viumbe sita. Kwenye mashindano rasmi mnaonyeshana wote sita, kisha kila mmoja anachagua wanne wa kuingia vitani, nao hupigana wawili kwa wawili. Kila kiumbe ana aina moja au mbili kati ya aina 18. Maji hushinda Moto, Moto hushinda Majani, Majani hushinda Maji, na kuendelea hivyo mpaka kichwa kiume. Ukipiga aina iliyo dhaifu kwako, pigo huzidishwa mara mbili. Kama mwenzako ana aina mbili na zote ni dhaifu kwa pigo hilo, huzidishwa mara nne.

Anayeanza hukusanya sita wenye nguvu kuliko wote, akaingia uwanjani akitamba. Anapigwa. Coastal Union iliyochukua ubingwa wa ligi mwaka 1988 haikuwa na washambuliaji kumi na mmoja. Mimi nawapa njia nyingine: mchukue yule mmoja unayempenda, kisha ujiulize ni nani atakayemuua. Ukishajua anavyokufa, kikosi kinaanza kujijenga chenyewe.

Relicanth anakufaje? Yeye ni Maji na Jiwe. Umeme humuumiza mara mbili, Ardhi mara mbili, Mapigano mara mbili. Majani humuumiza mara nne, maana maji na mawe yote mawili ni dhaifu kwa majani. Moto ndio haumfanyi kitu cha maana; pigo la Moto hubaki robo. Alama zake za kuzaliwa ni uhai 100, nguvu ya kupiga 90, ulinzi 130, kasi 55. Soma hapo pa mwisho tena. Kasi 55 ni mwendo wa silikanti kweli kweli, samaki asiye na haraka hata akiwa na njaa. Mwenzako atapiga kwanza, na akipiga kwa Majani, umekwisha.

Ila ana kipaji. Kinaitwa Swift Swim, na kazi yake ni moja: mvua ikinyesha, kasi yake huwa mara mbili. Sasa tupige hesabu, na asiyependa hesabu avumilie kidogo. Kila kiumbe hupewa pointi 510 za mazoezi, na uwezo mmoja haupokei zaidi ya 252. Mpe Relicanth 252 za kasi na 252 za nguvu. Chagua tabia iitwayo Adamant, inayoongeza nguvu ya kupiga kwa asilimia 10 na kupunguza uwezo ambao yeye hautumii. Kwenye ngazi ya 50, ngazi ya mashindano, kasi yake itafika 107. Mvua ikinyesha: 214. Kuna joka liitwalo Dragapult, mmoja wa wenye mbio kuliko wote, na kasi yake ya juu kabisa kwenye ngazi hiyo ni 213. Mzee wetu wa mapangoni anampita kwa alama moja! Nilipoiona hesabu hiyo nilicheka peke yangu.

Mvua huletwa na Pelipper. Huyo ni ndege mwari mwenye mdomo mkubwa, na kipaji chake, Drizzle, huanzisha mvua kila anapoingia uwanjani. Hunyesha kwa zamu tano. Ukimshikisha jiwe liitwalo Damp Rock, zamu nane. Mvua haiongezi mbio tu. Pigo lolote la Maji huongezeka mara moja na nusu, na la Moto hupungua nusu. Chukua pigo la Waterfall, lenye nguvu 80. Kwa kuwa Relicanth mwenyewe ni Maji, linakuwa 120. Mvua inalifikisha 180. Halikosi kwa kawaida, wala halimdhuru mpigaji.

Wakubwa wa mchezo huu watakwambia utumie Head Smash, pigo la kichwa lenye nguvu 150, ambalo kwa Relicanth huwa 225. Kweli, linatisha. Lakini hukosa mara 20 katika 100, na nusu ya maumivu unayomtia mwenzako hukurudia mwenyewe. Relicanth ana kipaji kingine, Rock Head, kinachoyafuta maumivu hayo, ila kila kiumbe huingia na kipaji kimoja tu. Uchague mbio au kichwa kigumu. Nimechagua mbio, na Head Smash nimembebesha kwa siku ya shida. Mwenye moyo wa kamari achague kichwa.

Sasa rudi kwa wauaji. Mbaya zaidi ni Rillaboom, sokwe mpiga ngoma wa aina ya Majani. Akiingia, nyasi huota uwanja mzima, na nyasi zikiwapo pigo lake la Grassy Glide hutangulia mapigo ya kawaida. Kasi 214 haisaidii kitu hapo. Relicanth anaumizwa mara nne kabla hajafumbua macho.

Dawa yake ni Togekiss, kiumbe mweupe mwenye mbawa, aina ya Kichimbakazi na Anga. Ana pigo liitwalo Follow Me. Akilitumia, mapigo yanayomlenga jirani peke yake humgeukia yeye. Majani yakimpiga huwa nusu. Mapigano, robo. Ardhi haimpati kabisa, maana anaruka. Katika maadui wanne wa silikanti, Togekiss amebeba watatu kwa mwili wake.

Umebaki Umeme, na hapa ndipo watoto wengi wananiletea Seismitoad. Chura huyo ni Maji na Ardhi, Umeme haumgusi, na yeye pia ana Swift Swim. Anapendeza! Lakini pigo la Majani humuumiza mara nne, sawasawa na Relicanth. Umeziba tundu moja na kulipanua lile kubwa. Mimi namchukua Ferrothorn, mmea wa Majani na Chuma uliojaa miiba. Umeme kwake nusu, Majani robo. Adui yake mkuu ni Moto, unaomuumiza mara nne, lakini mvua ya Pelipper hulipunguza hilo likabaki mara mbili. Anaifaidi mvua ambayo hakuletewa yeye.

Simama kidogo uangalie tulichokijenga. Relicanth: Umeme mara mbili. Togekiss: Umeme mara mbili. Pelipper, Maji na Anga: Umeme mara nne! Kikosi hiki kinajua kumlinda silikanti, lakini mwenye umeme atatukaanga watatu kati ya wanne. Hivi ndivyo kazi hii ilivyo. Kila kiraka kina upindo wake, na mjenzi hurudi nyuma kila mara kukagua.

Wa tano basi awe Garchomp, joka lenye sura ya papa, aina ya Joka na Ardhi. Umeme haumfanyi chochote, na Majani kwake ni pigo la kawaida. Silaha yake ni Earthquake, tetemeko linalompiga kila aliye uwanjani, na mwenzake akiwemo. Ukimsimamisha karibu na Pelipper au Togekiss hakuna neno, hao wanaruka. Ukimsimamisha karibu na Relicanth, tetemeko la rafiki linamuumiza mara mbili.

Wavuvi wa Kigombe watanielewa. Jarife linalotegwa kwenye maji ya kina, mita 50 hadi 150, hutegwa kwa ajili ya papa. Silikanti hana thamani sokoni, nyama yake haina ladha, wala hakuna anayemtafuta. Huponzwa na kukaa pale papa anapopita. Kwa hiyo, baharini na mchezoni, msimweke silikanti jirani na papa.

Huenda mmeanza kujiuliza kama inafaa kuhangaika hivi kwa kiumbe ambaye mabingwa hawamtumii. Agosti 2014, kwenye mashindano ya dunia mjini Washington, Se Jun Park wa Korea Kusini alikuja na Pachirisu, kindi mdogo wa Umeme ambaye jumla ya alama zake zote ni 405. Relicanth ana 485. Kwenye kikosi cha Park kulikuwa na Gyarados, anayeumizwa mara nne na Umeme. Pachirisu alikuwa na Follow Me, na kipaji cha Volt Absorb kinachofanya umeme umponye badala ya kumdhuru. Radi ikitumwa kwa Gyarados, kindi huivuta kwake ikamnufaisha. Park akawa bingwa wa dunia, na wengi waliomcheka Pachirisu wakaanza kumtafuta.

Wote watano wa kikosi chetu wanapatikana katika Pokémon Sword na Shield za mwaka 2019, pamoja na nyongeza ya The Crown Tundra iliyotoka 2020. Mashine ya Nintendo ni ghali, najua. Kwa mazoezi kuna Pokémon Showdown, inayofunguka kwenye simu bila malipo. Utalipia bando tu. Unaandika kikosi chako asubuhi, unapigwa, unabadilisha mmoja, unapigwa tena kwa sababu nyingine. Sababu ikibadilika, umesogea.

Halafu kuna vita ya anga, ambayo hainiishi hamu. Mwenzako ataleta Torkoal, kobe wa makaa anayewasha jua kali. Jua likiwaka, mvua imefutwa: Relicanth anarudi kwenye kasi 107, na Maji yake yanapungua nusu. Wote wawili wakiingia kwa pamoja, kipaji cha mwenye mbio huamka kwanza na cha mzito huamka mwisho, na anga ya mwisho ndiyo inayobaki. Pelipper ana alama 65 za kasi. Torkoal ana 20. Kwa hiyo wakianza pamoja jua linashinda. Ukiona kobe kwenye sita wa mwenzako, usianze na Pelipper. Anza na Garchomp na Togekiss, mwache kobe alete jua lake, tetemeko limpige, kisha Pelipper aingie nyuma yake na mvua, Relicanth afuate.

Nafasi ya sita nimeiacha wazi makusudi. Anayeingia lazima apigane vizuri hata jua likiwaka, asiogope Umeme, na asiwe na udhaifu wa Majani. Seismitoad msinitajie. Haya, wa Sahare waanze: nani?