Karata Aliyoifunua Tippu Tip

Vijana wangu wa Kisangani, mmeniuliza jambo zuri, na kwa kuwa mliniuliza mkiwa bado mmeshika karata mkononi, nitawajibu kwa karata kwanza, kisha nitawapeleka mbali kidogo, juu ya mto Lomami. Swali lenu ni hili: mtu akicheza poka, akawatisha wenzake kwa karata mbovu mpaka wote wakatupa zao, akazoa dau lote, je, azifunue zile karata waone alivyowaweza, au azichanganye kimya kimya na nyingine?

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze kidogo. Kila mchezaji ana karata ambazo anaziona yeye peke yake. Dau huwekwa katikati ya meza na hupandishwa kwa zamu. Anayeona mambo yamemzidi hutupa karata zake na kupoteza alichokwisha kuweka. Wakibaki wawili au zaidi mpaka mwisho, karata hufunuliwa, na zenye nguvu huchukua. Lakini wote wakitupa akabaki mmoja, huyo huchukua dau bila kufunua kitu, wala hakuna kanuni inayomdai. Pengine alikuwa na ree tatu, pengine hakuwa na chochote. Anajua yeye na Mungu wake. Utamu wote wa poka uko hapo, na hatari yake pia, ndiyo maana nawaomba mchezee punje za mahindi. Pesa ya shule haiwekwi mezani.

Sasa, kijana aliyeshinda kwa kutisha hutamani sana kufunua. Namwelewa. Ushindi ambao hakuna aliyeuona unamkereketa moyoni. Lakini atazame anachokitoa. Anawaambia wenzake kwamba yeye huweza kutisha bila kitu, na anawaambia ni wakati gani hufanya hivyo. Tena anawapa nafasi ya kukumbuka: alikuwa amekaaje, alichelewa kiasi gani kabla ya kupandisha dau, alikuwa anatazama wapi. Ni kama abiria anayemgeuzia mgongo mwendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, pale sokoni, akajifanya atakwenda Mangobo kwa miguu, bei ikashuka, kisha wakifika anamwambia, “Hata ungekataa ningepanda tu.” Kesho bei haitashuka. Na wenye toleka wote wa kituo kile watakuwa wameshapata habari.

Hata hivyo, wako waliolipima jambo hili kwa hesabu na kuona upande wa pili. Mwaka 1944, John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, na mwanauchumi Oskar Morgenstern walitoa kitabu kikubwa kuhusu nadharia ya michezo, na humo poka ilipewa kurasa nyingi. Walisema mtu hutisha kwa karata mbovu kwa sababu mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: uonekane una nguvu ilhali huna. Ya pili ni ya ndani zaidi: uonekane huna ilhali unazo. Mchezaji ambaye hajawahi kukamatwa na karata mbovu, akipandisha dau wenzake wote hukimbia, na karata zake nzuri haziingizi kitu. Aliyewahi kukamatwa, siku akiwa nazo kweli, watu humfuata mpaka mwisho na kumlipa.

Kwa hiyo kufunua kunaweza kuwa mbegu ya siku nyingine. Nasema kunaweza. Anayefunua kwa hesabu hufunua mara moja, kisha hutulia, akangoja karata nzuri, na wenzake wakidhani anawatania tena, ndipo huvuna. Vijana wengi hawangoji. Hufunua kwa sababu ya sifa, wakacheka, na mkono unaofuata wakarudia uongo uleule mbele ya watu wanaowatazama usoni. Huko si kucheza. Ni kulipa ili upigiwe makofi.

Kuna swali jingine ambalo wachezaji huliruka, nalo ndilo linaloniwasha zaidi: unamfunulia nani? Mwaka 2003, kwenye mashindano makubwa ya poka kule Las Vegas, walibaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu kutoka jimbo la Tennessee aliyeingia kwa kushinda shindano dogo la intaneti, na Sam Farha, mchezaji mzoefu. Moneymaker hakuwa na jozi hata moja, karata yake ya juu ilikuwa mfalme, naye akasukuma vyote alivyokuwa navyo katikati ya meza. Farha alikuwa na jozi ya tisa. Aliwaza sana, kisha akaitupa. Siku ile mamilioni ya dola yalikuwa yanashindaniwa, na kwa sababu ya kamera ndogo zilizopangwa mezani, watazamaji wa televisheni waliweza kuziona karata za wote wawili. Pale mezani, Farha ambaye jambo lilimhusu ndiye aliyekuwa gizani. Kufunua kulitokea, ila kwa watu wengine.

Shikeni hilo, maana sasa naingia kwenye habari yetu wenyewe.

Tippu Tip mnamfahamu. Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Unguja, na kuanzia 1887 alikuwa wali wa Dola Huru ya Kongo hapa kwenye maporomoko, kwa mkataba aliotia sahihi Unguja na Henry Morton Stanley. Mji huu wakati huo ulikuwa kituo tu kando ya maji ya Wagenia. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watumwa, na hili la pili nalitaja mapema ili asitokee mtu akadhani namsifu. Misafara ya watu wake ilichoma vijiji na kuondoka na watu wamefungwa. Stanley, alipokutana naye mara ya kwanza mwaka 1876, aliona kwamba macho yake yalikuwa yakipepesa yenyewe, na wako wanaosema jina la Tippu Tip lilitokana na kupepesa huko, ingawa mwenyewe alilieleza kwa mlio wa bunduki zake. Mchezaji wa poka akisikia hivyo atacheka: mtu ambaye macho hayatulii atamtisha nani? Basi sikilizeni alivyomtisha mfalme.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1870. Mnaujua Lomami, mto unaoingia katika mto wetu mkubwa pale Isangi. Upandisheni huo kuelekea kusini, mbali sana, mtafika katika nchi iliyoitwa Utetera. Alitawala huko mfalme mzee, Kasongo Rushie. Tippu Tip, akiwa bado njiani, alisikia kwa wenyeji habari ya zamani: kwamba miaka mingi nyuma vita vilitoka Urua, na watu wengi wa Utetera wakatekwa, wakiwamo wanawake wawili wa ukoo wa mfalme, mmoja wao akiitwa Daramumba. Walipelekwa mbali, wasirudi tena.

Mwingine angeisikia habari hiyo akaendelea na safari. Yeye aliihifadhi. Kisha akaanza kusema kwamba babu yake upande wa mama, Habib bin Bushir, aliwahi kufika Urua, akamnunua mwanamke, akazaa naye, na mwanamke huyo ni Daramumba. Kwa hiyo yeye Hamed si mgeni Utetera. Yeye ni mjukuu, anarudi kwao.

Tazameni alivyoisuka. Habib bin Bushir alikuwa babu yake kweli. Vita vilikuwepo kweli, na binti alipotea kweli. Uzi wa uongo ulikuwa mmoja tu, nao ulipitishwa mahali ambapo hakuna shahidi aliyebaki hai wa kuukata. Na habari zilimtangulia: alipofika kwa Kasongo Rushie, mzee alimpokea kama damu yake, akamwachia utawala. Watu wakamletea mashauri yao awaamulie. Pembe za ndovu zikamjia kama haki ya mfalme. Hakupiga risasi kuupata ufalme ule.

Hapo ndipo karata na maisha vinapoachana njia. Mezani ukishachukua dau, uongo wako umekwisha kazi. Unaweza kuufunua au kuuzika, na mkono mpya unagawiwa. Utetera haikuwa hivyo. Yule “mjukuu” ilimbidi aamke kila asubuhi akiwa mjukuu, amwamkie mzee kwa heshima ya mjukuu, aulizwe habari za bibi yake na azitunge. Kila siku alikuwa anapandisha dau lilelile. Kufunua kusingekuwa sifa wala mbegu. Kungekuwa mwisho wa utawala, na pengine wa uhai wake.

Tena liko jambo zito kuliko hilo. Mchezaji wa poka anayedanganywa amekaa mezani kwa hiari yake, akijua kwamba kudanganyana ndio mchezo wenyewe. Kwa sababu hiyo sisemi kwamba aliyeshinda ana deni la kumwonyesha. Kasongo Rushie hakukaa kwenye meza yoyote. Aliambiwa kwamba mjukuu wa nduguye aliyetekwa amepatikana. Fikirini mzee amengoja habari hiyo kwa miaka mingapi. Kwa mtu kama huyo ukweli ni deni, na deni hilo halilipwi kwa kumwambia mtu mwingine.

Lakini ndivyo lilivyolipwa. Tippu Tip aliondoka maporomokoni mwaka 1890, na mwaka uliofuata akafika Unguja, asirudi tena Kongo. Kati ya 1892 na 1894 majeshi ya Dola Huru yaliwapiga Waarabu na Waswahili wa Maniema, na mwanawe Sefu akauawa vitani. Ufalme wa pembe ulikwisha. Ndipo Tippu Tip, sasa naye mzee, akiwa hana tena mchezo wa kucheza huku kwetu, alipoandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Mjerumani mmoja aliyekuwa Unguja, Heinrich Brode, aliyageuza maandishi hayo kuwa hati za Kilatini, akayatoa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Ni moja ya habari za kale zaidi ambazo mtu amejiandikia mwenyewe kwa lugha yetu. Humo ndani, kwa utulivu kabisa, karata ya Utetera imelazwa mezani: kwanza anaeleza alichokisikia kuhusu wale wanawake, kisha anaeleza alichokisema. Haombi radhi. Hata haandiki kwamba alidanganya. Anapanga tu mambo kwa mfuatano wake, na msomaji anaona mwenyewe.

Baada ya miaka kama thelathini, basi, alifunua. Aliwafunulia wasomaji wa Unguja na wa Berlin, watu ambao hakuwahi kuwachukulia chochote. Namhesabia kwamba alisema, maana bila maandishi yale tusingejua. Lakini simhesabii kuwa alilipa. Alifunua siku ambayo kufunua hakukumgharimu hata pembe moja, na aliyestahili kuonyeshwa hakuwepo. Tippu Tip alifariki Unguja tarehe 14 Juni 1905, na hadithi yake ikabaki ikisomwa kama hadithi ya werevu.

Nami kila ninapoirudia habari hii nawaza juu ya Kasongo Rushie. Tumeambiwa kwamba aliamini, ila aliyetuambia ni yule yule aliyemdanganya. Mfalme mzee aliyeitawala nchi miaka mingi, akamwona mgeni anakuja na bunduki nyingi, huenda alipima akaona hivi: mgeni huyu akiwa adui atatumaliza, akiwa mjukuu atatulinda. Huenda aliutazama uso ule wenye macho yasiyotulia, akajua, akafungua mikono na kumwita mwanangu. Ikiwa ni hivyo, wacheza karata mle nyumbani walikuwa wawili, na mmoja wao hakufunua kamwe. Haya ni mawazo yangu mimi, hayakuandikwa mahali. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa mezani na wazee anajua kwamba anayeonekana kuamini upesi si lazima awe mjinga.

Kwa hiyo jibu langu kwenu ni hili. Kwenye karata zirudisheni kimya kimya, isipokuwa umeshapanga utafanya nini baada ya kuonekana. Kwa mtu ambaye hakukubali kucheza nawe, mwambie mapema, tena mwambie yeye mwenyewe.

Nami nina ombi. Habari za Tippu Tip zimetafsiriwa kwa Kifaransa tangu 1974, kazi ya François Bontinck, kwa hiyo upande wake tunaweza kuusoma. Upande wa Utetera haujaandikwa hivyo. Baadhi yenu mna mababu na mabibi waliotoka juu ya Lomami, na wengine hupokea ndugu kutoka huko wakati wa likizo. Waulizeni jina la Kasongo Rushie linasimuliwaje kwao, na binti aliyetekwa alikuwa nani. Mkisikia chochote, kiandikeni siku hiyohiyo, pamoja na jina la kijiji na la aliyewaambia.