Wembe Hupimwa kwa Mpini Wake

Mtoto akililia wembe, mpe. Ndivyo walivyosema wazee wetu. Mimi si mtoto tena, nimekwisha kuitwa babu, lakini nami nililia wembe nikapewa, na nusura unitie aibu mbele ya jamaa zangu.

Wembe wenyewe ni ule wa kukunja, aliouacha marehemu babu yangu aliyekuwa kinyozi katika Mji wa Kale, Mombasa. Shingoni mwa chuma chake limechorwa jina la Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu na nyembe, kama Solingen ulivyosifika huko Ujerumani. Babu hakuwanyoa wateja kwa wembe huu. Aliutenga kwa watoto wa ukoo wetu, siku yao ya saba. Baba yangu alinyolewa nao, nami nikanyolewa nao, na wanangu vilevile.

Basi binti yangu alipojifungua mtoto wa kiume, nikaufungua mkoba wa babu. Chuma kilikuwa salama, kimepakwa mafuta na kuviringishwa kitambaani. Mpini ndio ulioharibika. Ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, na pembe ina adui wengi: wadudu huila, na ikikauka sana hupinda na kupasuka.

Nikaupeleka kwa fundi mmoja, nikamwomba anitilie mpini usiooza. Akanifanyia wa shaba ya manjano, ile ya masinia na mabuli, kwa kipimo kile kile cha mpini wa zamani. Ulimeremeta kama dhahabu. Nikalipa kwa furaha, nikarudi nyumbani kuujaribu kwenye ndevu zangu kwanza. Mpapaso wa pili tu, damu chini ya sikio!

Nikadhani makali yamekufa. Nikaunoa kwenye kinoo, nikaupitisha kwenye ukanda wa ngozi mpaka ukakata unywele mmoja unaoning'inia. Nikajaribu tena. Damu tena. Na siku ya saba ilikuwa imebakia siku tatu.

Nikamwendea ami mmoja aliyestaafu kazi ya unyozi. Makali hakuyatazama hata kidogo. Aliufungua wembe ukanyooka kama rula, akauweka juu ya kidole chake cha shahada, pale penye ribiti inayounganisha chuma na mpini. Mpini ukaporomoka kama ndoo kisimani.

"Mwanangu," akasema, "wembe huu hauna ubaya. Mmeufunga nanga."

Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo babu alilijua bila kulisema. Wembe wa kukunja haushikwi kama kisu. Vidole hukaa shingoni mwa chuma, kidole cha mwisho hutulia kwenye mkia wake mdogo, na mpini husimama nyuma ya mkono. Kwa hiyo mpini, juu ya kuwa ala ya kuyafunika makali, ni jiwe la upande wa pili wa mizani. Ukiwa mzito mno, huvuta nyuma, ncha ya chuma ikainuka, nawe bila kujua hukandamiza ili uirudishe ngozini. Ndipo damu hutoka. Ukiwa mwepesi mno, chuma huelemea mbele na kifundo cha mkono huchoka kukizuia. Ukilingana, uzani hukaa penye ribiti au karibu yake, na mkono hauna kazi ila kuongoza.

Sasa tazama tofauti ya vitu vyenyewe. Pembe ya ng'ombe huwa nzito kuliko maji kiasi cha mara 1.3. Mpingo hukaribia hapo hapo, ndiyo sababu gogo lake huzama majini ilhali msaji huelea. Pembe ya ndovu hufika kama mara 1.8. Lakini shaba ya manjano hupita mara 8! Fundi wangu, kwa kufuata kipimo cha zamani, alinitilia uzito zaidi ya mara sita ya ule wa kwanza.

Wala haina maana kwamba mpini mwepesi ndio bora sikuzote. Nyembe za zamani za Sheffield zilikuwa nene kama kabari, na chuma kizito hutaka mpini wa kukijibu. Zile zilizokuja baadaye, zilizochimbwa ubavu huku na huku zikawa nyembamba, hutaka mpini mwepesi.

Pwani yetu inayo sehemu katika habari hii. Tangu karne ya kwanza, mabaharia wa Kiyunani waliandika kwamba pembe za ndovu na magamba ya kasa yalinunuliwa katika pwani hii. Karne nyingi baadaye, pembe zilizopitia Unguja na Mombasa zilikwenda Ulaya na Marekani, na Sheffield zilifanyiwa mipini ya visu na nyembe. Gamba la ng'amba nalo lilipendwa kwa urembo wake. Leo milango hiyo imefungwa, na ni haki ifungwe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka 1989 ikachoma tani 12 za pembe za ndovu mjini Nairobi.

Kulikuwa pia na seluloidi, iliyobuniwa Marekani karibu na mwaka 1870 ili ishike nafasi ya pembe za ndovu. Ni nyepesi na yapendeza, lakini ikizeeka hutoa mvuke unaokitia chuma kutu ndani ya ala yake yenyewe.

Ami akanishauri mpingo. Nikaenda kwa wachonga vinyago wa Changamwe, nikapata kipande kilichosalia. Fundi mwingine akakipasua mabapa mawili membamba, akayaunganisha kwa ribiti, na mwishoni akatia kabari ndogo ya shaba kati yake. Akaipunguza kwa tupa kidogo kidogo, kila mara akiuweka wembe kidoleni, hata ukatulia.

Siku ya saba niliusafisha wembe kwa maji ya moto na spiriti, kwani maradhi ya damu si mchezo. Ami mwenyewe alimnyoa mtoto, mikono yake ya uzee haikutetemeka. Mtoto alilala tangu mwanzo hata mwisho. Nywele zake tukazitia katika karatasi, tukazipeleka kwa sonara kupimwa, na thamani ya fedha ya uzani wake ikatolewa sadaka.

Ule mpini wa shaba ningali nao. Naufanya kigandamizo cha karatasi, na kazi hiyo yaiweza vyema.