Gari jipya au la mtumba? Uliza upande wa pili wa mpaka kwanza

NAMANGA. Alfajiri mjini Arusha, magari aina ya Noah yanasubiri kujaa. Abiria anayekwenda Namanga na marobota mawili ya vitenge analipa nauli yake, analipa ya mzigo, halafu anasubiri na wengine. Mpakani anashusha, anavuka na mzigo, anapakia tena kwenye Probox upande wa Kenya. Mwenye biashara akifanya hivyo kila wiki kwa miaka miwili au mitatu, iko siku ataanza kupiga hesabu ya gari lake mwenyewe.

Na hesabu hiyo huanza na swali moja: anunue jipya au lililotumika?

Yadi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zimejaa Vitz, Passo na IST zilizotoka Japani. Kwenye maduka ya mawakala kuna Suzuki ndogo mpya zinazotengenezwa India, na Kenya kuna Polo Vivo, ambayo Volkswagen ilianza kuiunganisha Thika mwishoni mwa 2016. Ofisa mikopo wa benki atakusukuma kwenye jipya, kwa sababu ndilo dhamana inayompa usingizi. Fundi wako atakusukuma kwenye la Kijapani, kwa sababu ndilo analolijua na ndilo litakalomrudia. Wote wawili wana hoja, na wote wawili wana maslahi.

Kwa mtumishi anayekwenda ofisini na kurudi, uamuzi huu ni wa mfuko na ladha. Kwa anayevuka mpaka ni jambo jingine. Gari linatoka kwenye fedha ile ile inayonunua bidhaa, na sheria zinazolihusu hubadilika mita mia chache kutoka pale alipolala.

Mtaji kwanza

Tuchukue mfano wa kubuni, tarakimu zikiwa za kurahisisha tu. Mfanyabiashara ana mtaji wa shilingi za Tanzania milioni 20. Anauzungusha mara moja kwa mwezi na kubaki na faida ya asilimia 6, yaani milioni 1.2.

Akinunua gari la mtumba la milioni 14 kwa fedha taslimu, anabaki na bidhaa za milioni 6. Faida inashuka hadi 360,000 kwa mwezi. Hana deni, lakini duka limekonda.

Akichukua jipya la milioni 38, atatanguliza milioni 8 na kukopa 30. Bidhaa zinabaki za milioni 12, faida ni 720,000. Deni la milioni 30 kwa miaka minne ni marejesho ya 625,000 kila mwezi kabla ya riba hata shilingi moja. Zinabaki 95,000 za kulipa riba, bima, mafuta na ada ya shule. Hazitoshi.

Wengi husimama hapo na kusema mtumba umeshinda. Haujashinda. Hesabu zote mbili ni mbaya, ila moja inaumiza polepole. Gari litajilipa endapo tu nauli, malipo ya mizigo na siku za biashara litakazookoa zitaizidi faida iliyopotea. Anayesafiri mara moja kwa wiki na marobota mawili huenda asifike huko kabisa, na Noah ya alfajiri ikabaki kuwa chaguo lake bora kwa mwaka mwingine wa kuweka akiba. Hilo hakuna muuza magari atakayekuambia.

Mkopo nao una shimo ambalo wa mpakani analijua kwa jina. Ukiuza Nairobi kwa shilingi ya Kenya na kurejesha deni Arusha kwa shilingi ya Tanzania, kila kiwango cha kubadilisha fedha kinapoyumba wewe ndiye unayeyumba nacho. Benki haipunguzi rejesho kwa sababu hiyo.

Umri wa gari una bei yake kila nchi

Gari la mtumba linaonekana rahisi kwenye simu, pale picha inapokuonyesha bei ya Yokohama. Rahisi hiyo hupimwa upya bandarini.

Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umeweka magari madogo kwenye asilimia 25, ingawa nchi mwanachama huweza kuomba kutumia kiwango tofauti. Baada ya hapo kila nchi inaenda njia yake. Tanzania haikatazi gari la zamani, inaliadhibu. Gari lisilo la kazi likizidi miaka 8 limekuwa likiongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na likizidi miaka 10 asilimia 30.

Tazama maana yake. Gari la injini isiyozidi cc 1,000 lenye thamani ya kiforodha ya dola 3,000 linatozwa dola 750 za ushuru wa forodha. Likiwa na miaka 6, unaongeza VAT ya asilimia 18 na jumla inafika dola 4,425, bila kuhesabu tozo ndogo ndogo na gharama za bandari. Thamani ile ile kwa gari la miaka 12 inaongezewa dola 1,125 za uchakavu, kisha VAT juu yake, na jumla inakuwa dola 5,752.50. Tofauti inazidi dola 1,300. Ni kweli gari la miaka 12 kwa kawaida huthaminiwa chini zaidi, lakini pengo uliloliona kwenye picha linapungua sana. Na thamani hiyo haitoki kwenye risiti yako. Mamlaka ya Mapato ina jedwali lake na kikokotoo chake mtandaoni, na hicho ndicho cha kufungua kabla ya kutuma fedha.

Kenya imechagua ukuta. Gari lililozidi miaka 8 halisajiliwi, basi. Kila Januari mwaka mmoja unaanguka nje ya mstari. Toyota iliacha jina la Vitz Japani mwaka 2020 na kuliita gari hilo Yaris, kwa hiyo Vitz za mwisho za Kijapani zitapita Kenya hadi mwisho wa 2027, kisha zitabaki zile ambazo tayari ziko barabarani. Uganda nayo, tangu sheria ya 2018, haipokei gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, na yaliyo chini ya hapo hutozwa kodi ya mazingira kadiri yanavyozeeka.

Kwa hiyo Vitz ya 2012 inayouzwa bei nzuri Arusha haiwezi kuhamia Kenya, hata mwenye nayo akihamia. Soko lako la kuiuza baadaye liko upande mmoja tu wa mpaka. Na wale waliozoea Cheti cha Uasilia kilichorahisishwa, kinachovusha bidhaa za hadi dola 2,000 bila ushuru, wasijidanganye: hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Gari lililotoka Nagoya halina asili ya Afrika Mashariki hata likikaa Moshi miaka kumi.

Wa Rusumo na Goma wana tatizo jingine. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara. Rwanda kwa miaka mingi imefunga mlango kwa magari madogo yenye usukani wa kulia, na hayo ndiyo karibu yote yanayotoka Japani. Kenya kwa upande wake haisajili yenye usukani wa kushoto. Anayeishi Kigali na kununua bidhaa Dar es Salaam hana anasa ya kuchagua kwenye yadi ya Ilala. Yadi hiyo haikuwekwa kwa ajili yake.

Jipya halina uhakika wote, la zamani halina ubaya wote

Sababu inayofanya magari ya Japani yatoke yakiwa na hali nzuri inafahamika. Kule gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo ni ghali kiasi kwamba wengi huona heri kuuza. Mnada huliandikia gari karatasi yenye daraja: 4 au 4.5 ni zuri, R ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Karatasi hiyo ipo. Muuzaji anayesema haipo ana kitu hataki ukione. Ukinunua hapa ndani kwa mtu, karatasi hiyo huwa imekwisha kupotea, na odometa inasoma kile mwenye gari alichotaka isome.

Hatari nyingine haionekani kwa jicho la fundi. Magari mengi ya miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010 yalifungwa eabegi za kampuni ya Takata, ambazo chombo chake cha kujaza hewa kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watengenezaji waliyaita magari hayo kubadilishiwa bure, lakini gari lililopakiwa melini kabla ya zamu yake lilifika huku na kasoro yake. Namba ya chesisi ikiingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji hutoa jibu kwa dakika chache.

Kuhusu jipya, harufu ya viti isikulewesha. Mwaka 2020 shirika la Global NCAP lilipima Suzuki S-Presso iliyokuwa ikiuzwa India, ikiwa mpya kabisa, na kuipa nyota sufuri kwa usalama wa watu wazima; toleo hilo lilikuwa na eabegi moja tu, ya dereva. Toleo la Afrika Kusini lililopimwa miaka miwili baadaye lilipata nyota tatu. Gari ni lile lile kwa jina. Muulize wakala toleo gani linaletwa hapa na lina eabegi ngapi.

Waranti nayo isomwe mpaka mstari wa mwisho. Kwa kawaida inakutaka ufanye sevisi zote kwa wakala, na wakala yuko jiji kubwa. Likizima Longido au Kajiado, swali ni kama wakala wa upande huo atalishughulikia gari lililouzwa na mwenzake wa upande wa pili. Jibu la mdomo halitoshi. Liombe kwa maandishi kabla ya kulipa. Vitz hailazimiki kuuliza. Spea zake zipo Kariakoo, zipo Kirinyaga Road jijini Nairobi, zipo Kisekka jijini Kampala, na fundi anayeifahamu yupo karibu kila kituo cha mafuta kati ya miji hiyo. Kwa mwenye mzigo wa mteja ndani ya buti, siku mbili za gereji zina bei kuliko tofauti ya mafuta.

Bado kuna karatasi za kuvuka. Kadi ya Njano ya COMESA inafanya kazi hata Tanzania, ambayo si mwanachama wa COMESA, lakini inafidia watu wengine unaowaumiza au kuwaharibia, si gari lako. Kibali cha muda kina tarehe ya mwisho na hakikupi ruhusa ya kuliacha gari ng'ambo wala kuliuza. Kama kadi ya gari bado ina jina la muuzaji, tembea na barua yake. Na gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, likipata ajali limejaa marobota ya biashara, linaipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa. Mwenye jipya la mkopo ndiye anayeumia zaidi hapo: gari limeharibika, bima imegoma, na marejesho ya 625,000 yanasubiri mwisho wa mwezi.