Mpeni Mpira, Mpisheni

Swali lenyewe nalijua kabla muulizaji hajafika katikati. Linanifuata mazoezini, linanifuata kwenye simu saa nne usiku, limewahi kunifuata hata msibani. "Kocha, wakiwa na mtu kama yule, kwa nini wasiwaondoe wengine wote wakajenga timu kumzunguka yeye?" Huyo "yule" hubadilika. Aliwahi kuwa LeBron James, akawa Giannis Antetokounmpo, akawa Luka Dončić, na sasa ni Victor Wembanyama wa San Antonio. Ushahidi ndio haubadiliki: "Si ndivyo Chicago walivyomfanyia Jordan, wakabeba makombe sita?"

Sivyo. Nimelijibu hili kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nalijibu kwa maandishi.

Kwanza niondoe lisilo na ubishi. Timu ya kikapu inamhitaji nyota kuliko timu ya soka inavyomhitaji. Mpo watano tu uwanjani, na mtu mmoja anaweza kucheza dakika 40 kati ya 48, akishambulia na kukaba bila kupumzika. Detroit ya 2004, iliyoichapa Lakers ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant kwa michezo minne kwa mmoja bila kuwa na nyota wa daraja hilo, hutajwa kila mara kwa sababu mifano ya namna hiyo ni ya kuokoteza. Sibishani basi na neno "nyota". Ninabishana na neno "kumzunguka", kwa jinsi watu wanavyolielewa: mmoja ana mpira, wanne wamempisha. Ndiyo kelele ya jukwaani kila Jumamosi, "Mpeni mpira, mpisheni!", na nimeona vijana wazuri wakipotea kwa sababu ya kelele hiyo.

Tumchukue Jordan huyohuyo. Aliingia Chicago mwaka 1984, na kombe la kwanza alilipata 1991. Wanaomtaja hawasemi kitu juu ya misimu sita iliyopita hapo katikati, na humo ndimo somo lote lilimo. Aprili 20, 1986, ndani ya Boston Garden, alifunga pointi 63, rekodi ya mchezo mmoja wa mtoano ambayo mpaka leo haijavunjwa. Chicago walipoteza mchezo huo 135 kwa 131 baada ya vipindi viwili vya nyongeza, na Boston wakawatoa michezo mitatu kwa bila. Msimu uliofuata alikuwa na wastani wa pointi 37.1 kwa mchezo, wastani ambao hakuna aliyeufikia tangu hapo. Timu yake ilishinda michezo 40, ikapoteza 42, kisha Boston wakawatoa tena tatu bila. Anayetaka kuiona timu iliyojengwa kwa kumpa mtu mmoja mpira na kumpisha aitazame Chicago ya 1987. Alikuwepo mchezaji bora kuliko wote, naye alicheza kadiri binadamu anavyoweza kucheza, lakini hawakushinda hata mchezo mmoja wa mtoano.

Baada ya hapo Detroit wakawatoa mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mbinu yao ilikuja kuwa maarufu, na ukiondoa ubabe uliokuwa ndani yake, ilikuwa nyepesi: Jordan asukumwe kule kwenye watu wengi, na akikaribia kikapu akutane na mtu wa pili, kisha wa tatu. Mbinu hiyo inafanya kazi kwa sharti moja tu, kwamba walinzi wajue mpira utabaki mikononi mwa nani. Wakishajua, hawana haja ya kukaba watano. Wanamkaba mmoja kwa watu watatu, na wawili waliobaki wanatosha kuwachunga wanne waliosimama, kwa kuwa mtu aliyesimama hachungwi kwa nguvu.

Jambo hili nililionyesha mazoezini kwetu, na ningependa kila mwenye swali angekuwepo. Nina kijana wa miaka 17, mwepesi, mkono wa kulia kama umepakwa mafuta. Alikuwa anadunda mpira juu ya duara, anadunda, anadunda, na mimi nikapuliza filimbi nikawaambia wote wagande palepale walipo. Tukaanza kutazama pamoja. Mlinzi wa kona ya kushoto alikuwa amempa mtu wake mgongo kabisa. Hakuwa anajua hata kama bado yupo. Mlinzi wa upande wa pili alikuwa ameshaacha nafasi yake hatua tatu, mguu mmoja umekanyaga mstari wa mitupo huru. Nilihesabu jozi nne za macho zikitazama mpira na jozi moja tu ikitazama mtu mwingine. Nikamuuliza mshambuliaji wa kona hiyo, mikono yake ikiwa bado magotini, "Mara ya mwisho kuugusa mpira ni lini?" Akafikiri. "Wakati wa kupasha, mwalimu." Tulikuwa tumecheza dakika 11.

Kijana wa namna hiyo, siku mpira utakapomfikia kwa ajali zikiwa zimebaki sekunde tano, atakosa. Jukwaa litamzomea na kusema, mnaona, ndiyo maana nyota asitoe pasi. Mikono iliyopoa haifungi. Imani hii inajitengenezea ushahidi wake yenyewe, na ndiyo sababu ni ngumu kuing'oa.

Chicago waliing'oa, tena kwa taabu. Mwaka 1987 walimleta Scottie Pippen na Horace Grant, vijana wawili waliohitaji muda wa kukomaa. Mwaka 1989 Phil Jackson akapewa timu, akaipa nguvu mbinu ya pembetatu ya msaidizi wake Tex Winter, ambayo inalazimisha mpira utembee na kila mtu asome ulinzi unafanya nini. Jordan mwanzoni hakuipenda. Wastani wake wa pointi ulishuka kutoka 33.6 msimu wa 1989–90 hadi 31.5 msimu uliofuata, na ushindi wa timu ukapanda kutoka michezo 55 hadi 61. Detroit waliokuwa wakiwatoa kila mwaka wakachapwa nne bila.

Halafu tazameni mchezo wa tano wa fainali, Juni 12, 1991, mjini Inglewood dhidi ya Lakers. Dakika za mwisho walinzi walikuwa wakimsogelea Jordan kama walivyozoea, na pembeni alikuwa amesimama John Paxson, mtu wa kawaida kwa umbo na kwa kasi, bila mtu wa kumkaba. Safari hii pasi ilitoka. Ikatoka tena, na tena, na kila mara Paxson alikuwa tayari, miguu imeshaelekea kikapuni kabla mpira haujafika. Alimaliza na pointi 20. Pippen alifunga 32 na kudaka ribaundi 13. Jordan alikuwa na 30, na asisti 10. Miaka miwili baadaye, huko Phoenix, kombe la tatu lilipatikana kwa mpira uliopita kwa Jordan, kwa Pippen, kwa Grant, mpaka kwa Paxson aliyekuwa nyuma ya mstari wa pointi tatu. Mwaka 1997 dhidi ya Utah ilikuwa zamu ya Steve Kerr, kwa pasi ya Jordan mwenyewe. Mnaomtaja Jordan, hayo ndiyo makombe yake.

Kuna kipimo kingine ambacho nakithamini kuliko vyote: mtoe nyota, uone kilichobaki. Jordan alipostaafu mara ya kwanza, Chicago ilishinda michezo 55 msimu wa 1993–94, miwili tu pungufu ya mwaka uliotangulia. Ubingwa hawakuupata, New York waliwatoa katika mchezo wa saba wa raundi ya pili, na hapo ndipo unapoona thamani halisi ya nyota: yeye ndiye tofauti kati ya timu nzuri na bingwa. Sasa linganisha na Cleveland. LeBron alipoondoka mwaka 2010, timu iliyokuwa imeshinda michezo 61 ilishinda 19, na katikati ya msimu ikapoteza 26 mfululizo. Kwa miaka saba walikuwa wamejenga kumzunguka, kwa maana ileile ya jukwaani, na alipotoka hakukuwa na timu.

Mtu ataniletea Hakeem Olajuwon na Houston ya 1994. Vizuri, namheshimu sana. Hakeem alichaguliwa wa kwanza kwenye drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya) ileile ya Jordan, 1984, kwa hiyo alingoja miaka kumi. Na alipochukua kombe, Houston ilikuwa imemzungushia wadunguaji wa pointi tatu, naye akisogelewa na watu wawili alikuwa akiutoa mpira nje mapema. Walinzi wakabaki na chaguo baya mbele na baya nyuma. Giannis naye alifika Milwaukee mwaka 2013, msimu ambao timu ilishinda michezo 15, na alipofunga pointi 50 kutwaa kombe mwaka 2021, watu walisahau kwamba michezo miwili kabla yake Khris Middleton alikuwa amefunga 40.

Nije kwa ndugu za swali hili, maana halitembei peke yake. Kuna wanaosema: vunja timu, poteza michezo makusudi, nyota ataletwa na drafti. Katika drafti za 2023 hadi 2025, timu tatu za mwisho kwenye msimamo zilikuwa na asilimia 14 kila moja ya kupata chaguo la kwanza, na ya mwisho kabisa iliweza kuporomoka hadi la tano. Mwaka 2023 Detroit walikuwa wa mwisho, wakapata la tano. Mwaka 2024 wakawa wa mwisho tena baada ya kupoteza michezo 28 mfululizo, wakapata la tano tena. Mwaka 2025 wa mwisho walikuwa Utah, nao la tano. La kwanza likaenda Dallas waliokuwa na asilimia 1.8. San Antonio walimpata Wembanyama mwaka 2023 wakiwa wametoka kushinda michezo 22. Msimu wake wa kwanza, akiwa mchezaji bora chipukizi wa ligi nzima, walishinda 22.

Hapa nyumbani swali lina sura yake: mbona Memphis hawakumjengea timu Hasheem Thabeet wetu? Thabeet alichaguliwa wa pili mwaka 2009, na fahari ile hakuna atakayetunyang'anya. Lakini timu ile tayari ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi yake, na kiangazi hichohicho ikamleta Zach Randolph. Kijana mrefu anayehitaji dakika nyingi za kujifunza aliwekwa mahali pasipo na dakika, na kabla msimu wake wa kwanza haujaisha akapelekwa ligi ya chini kwa muda. Kosa lilikuwa kumchagua bila nafasi ya kumweka. Memphis yenyewe ilifika fainali ya Magharibi mwaka 2013 kwa Gasol, Randolph, Mike Conley na ulinzi wa Tony Allen, wanne waliobebana.

Basi mwenye nyota afanyeje? Akiwa chini ya miaka 24, subiri, tunza chaguo zako za drafti, usinunue majina. Mtu wa pili unayemtafuta awe anayeweza kuanzisha shambulizi nyota akikabwa na wawili, si mfungaji mwingine wa kugombea mpira uleule. Kila anayebaki mpime kwa maswali mawili: akiachwa peke yake anafunga, na anaweza kumkaba mtu wake bila kuita msaada? Majibu yote yakiwa hapana, mwache, hata kama fulana zake zinauzwa Kariakoo. Kumbuka pesa: mchezaji wa misimu kumi na zaidi anaweza kula asilimia 35 ya kikomo cha mishahara, na bado unahitaji wachezaji wengine zaidi ya kumi. Nyota akiwa kati ya miaka 26 na 30, hapo toa chaguo zako ulipie pengo, kama Milwaukee walivyomfuata Jrue Holiday mwishoni mwa 2020 na kuwa mabingwa miezi minane baadaye. Akipita 32 na mkataba unakaribia kuisha, uza bado anapotakiwa. Asiye na nyota akusanye mali, kama Oklahoma City waliomtoa Paul George mwaka 2019 wakapata Shai Gilgeous-Alexander na rundo la chaguo, moja likazaa Jalen Williams, na mwaka 2025 wakawa mabingwa. Na mwenye nyota wa miaka 25 aliyetoka kumfikisha fainali asimuuze, kama Dallas walivyomuuza Dončić Februari 2025.

Kwa makocha wenzangu wa vijana, ambao hawana drafti wala kikomo cha mishahara, nina kazi moja ya wiki hii. Jumanne mchezesheni nyota wenu kwa sharti la kudunda mara mbili tu kisha autoe mpira. Alhamisi mwekeni benchi robo nzima ya mazoezi, mkae naye, na mwambieni ahesabu kwa sauti ni mara ngapi yule wa kona ya kushoto ameugusa mpira.