Chombo Gani Hiki Katika Picha ya Babu?

Labda ndani ya sanduku la babu yako imo picha ya zamani iliyopigwa Nachingwea, Kongwa au Urambo. Vijana wamesimama, na nyuma yao pana chombo kikubwa cha chuma, chenye minyororo badala ya matairi. Mmoja asema, "Ni kifaru cha vita." Mwingine abisha, "La, ni trekta." Msiandike neno nyuma ya picha hiyo kabla ya kusoma haya, maana yawezekana wote wawili wamepata.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Waingereza walipungukiwa sana na mafuta ya kula. Mwaka 1947 wakaanza Tanganyika mpango mkubwa wa karanga, wakikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Nachingwea ilikuwa katika Jimbo la Kusini, pamoja na Songea. Na nchi yetu ya Mbinga siku zile ilikuwa ndani ya wilaya ya Songea.

Lakini matrekta yalikuwa haba. Walinunua makuukuu, hata masalio ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, hayakutosha. Ndipo kampuni ya Vickers ya Uingereza ilipotwaa vifaru vya Kimarekani viitwavyo Sherman, ikaondoa mnara na mzinga, ikavigeuza kuwa matrekta. Yakaitwa Shervick, yaani Sherman na Vickers pamoja. Nabii Isaya alinena habari za panga kufuliwa majembe. Basi hapa kifaru chenyewe kilitiwa shambani.

Utakitambuaje? Kwanza, tazama chini, si juu. Trekta la kawaida la minyororo lina vigurudumu vidogo vingi, vimepangwa mstari mmoja karibu na ardhi. Magurudumu ya Sherman ni makubwa zaidi, nayo hukaa mawili mawili, kila jozi katika fremu yake yenye springi. Pili, tafuta mnara na mzinga. Ukiviona, hicho ni kifaru kamili cha jeshi. Visipokuwapo, na magurudumu ni ya jozi, yaelekea ni Shervick.

Tatu, tazama yaliyo kando. Je, pana mnyororo mnene kama wa nanga ya meli? Matrekta mawili yaliuvuta katikati yao ili kuangusha vichaka. Nne, pima mwaka. Kama ni Shervick, picha haikupigwa kabla ya mpango kuanza mwaka 1947. Lakini usiseme ni lazima ilipigwa mwaka huo, kwani chuma huishi miaka mingi.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu mtoto akiandika "Babu vitani", wajukuu watasimulia vita ambavyo babu hakupigana, na kazi aliyoifanya kwa jasho itasahauliwa. Kumbukumbu ya wazee ni amana. Yatupasa kuitunza kwa ukweli.

Tena lipo fundisho. Mashine zile ziliharibika upesi, mizizi ya vichaka ilizishinda, na udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama saruji. Mvua nayo haikutosha. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, na paundi kama milioni 36 zilikuwa zimepotea. Wakati huo huo, katika milima ya Umatengo, wanaume walikuwa wakifyeka majani na kuyapanga miraba, na wake zao wakiyafunika udongo na kupanda maharage juu yake. Ngoro hizo zilizuia udongo usichukuliwe na mvua, na majani yakaoza yakawa mbolea. Jembe la mkono lililoujua udongo lilishinda kifaru kisichoujua.

Basi, ndugu, jioni ya leo itoe picha hiyo sandukuni. Mpelekee mzee aliye hai bado, mwulize majina ya watu, mahali na kazi yao. Kisha andika nyuma kwa penseli, polepole, yale tu uliyohakikisha.