Miguu ya Ndege Katika Kutua kwa Lazima: Maana na Istilahi

Mara nyingi dhana mbili huchanganywa: kutua kwa dharura na kutua kwa lazima. Katika kutua kwa dharura, ndege ina hitilafu lakini rubani bado aweza kukifikia kiwanja. Katika kutua kwa lazima, ndege haiwezi kuendelea kuruka, na rubani hana budi kushuka popote palipo karibu. Tarehe 18 Desemba 2013 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767 ilitua katika kiwanja kidogo cha Arusha badala ya Kilimanjaro ilikokusudiwa, ikasimama kwenye majani nje ya njia ya kurukia. Kisa hicho hakikuwa kutua kwa lazima, kwani injini zilikuwa na nguvu; ilikuwa ni kutua mahali pasipokusudiwa.

Tunapendekeza istilahi "miguu ya kutua". Neno "gia" halifai, kwa kuwa fundi wa magari atafikiria sanduku la gia. "Magurudumu" hueleweka, lakini huiacha nje mihimili inayopokea kishindo. Na "miguu ya kutulia" yaweza kueleweka kuwa miguu iliyonyamaza.

Baadhi ya ndege ndogo, kama vile Cessna Caravan, zina miguu isiyokunjwa. Rubani wake hana la kuamua. Mwenye miguu ya kukunjwa anapaswa kuitazama ardhi iliyo chini yake. Juu ya tambarare ngumu upande wa Monduli, miguu ikishushwa hupokea kishindo badala ya tumbo la ndege. Katika shamba lililolimwa karibuni, tope la mfereji au maji ya ziwa kama Momella, miguu yaweza kunasa na ndege ikapinduka. Hapo vitabu vingi vya mwongozo hushauri ikunjwe. Aidha, miguu iliyoshushwa huongeza ukinzani wa hewa na kupunguza umbali ambao ndege isiyo na nguvu ya injini yaweza kufika. Kwa hiyo rubani huchelewa kuishusha mpaka awe na hakika ya kupafikia mahali alipopachagua. Neno la mwisho ni la kitabu cha mtengenezaji wa ndege husika.

Kutokana na hayo, mfasiri azingatie tofauti zifuatazo:

Shusha miguu: amri kwa rubani.
Miguu inashuka: tendo halijakamilika.
Miguu imeshuka na kufungika: hali salama ya kutua.
Kutua kwa tumbo: kutua miguu ikiwa imekunjwa au imekataa kushuka.
Kutua majini: kushuka juu ya maji kwa ndege isiyoundwa kwa ajili hiyo.

Tofauti ya pili na ya tatu si ya sarufi tu. Mguu ulioshuka bila kufungika waweza kukunjika mara ndege inapogusa ardhi. Mfasiri anayeandika "miguu chini" kwa hali zote mbili humwachia rubani kukisia, wakati ambapo hana nafasi ya kukisia.